Betri ya pili kwenye mashua ya tanga: kisa cha injini iliyogoma alfajiri

Mashua ina urefu wa mita 7.9, mlingoti mmoja, injini ndogo ya dizeli ya silinda moja yenye nguvu ya farasi 10, na betri moja ya volti 12. Betri hiyo hiyo inapiga stata, inawasha taa, inaendesha redio na kila kingine kilichomo. Malalamiko ya mwenyewe yalikuwa mafupi: mashua ikilala nangani, hasa usiku wa pili, asubuhi injini haiwaki. Ukibonyeza stata unasikia tak, taa zinafifia, basi. Injini haina mkono wa kuizungushia. Upepo ukiwa umekufa na mkondo unaisogeza mashua kuelekea mwamba, hakuna muda wa kukaa kusubiri betri ipate nguvu.

Ombi lake nalo lilikuwa fupi. Aongezewe betri ya pili ya ukubwa ule ule, ifungwe sambamba na ya kwanza, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ikae kwenye kisanduku tupu kilichoko tezini, nyuma ya mashua. Karibu kila mwenye mashua ndogo hulifikia wazo hili siku moja. Mwishoni betri ya pili iliwekwa kweli, lakini haikufungwa sambamba, haikukaa tezini, haikupewa kazi aliyoitarajia, na si yenyewe iliyoifanya injini iwake.

Stata inataka nini hasa

Wengi huamini kwamba stata ndiyo inayoimaliza betri. Stata ya injini ya ukubwa huu huvuta ampea 150 hivi kwa sekunde mbili tatu. Ampea-saa moja ni umeme wa ampea moja unaotoka kwa saa nzima, hivyo ampea 150 kwa sekunde 3 ni ampea-saa 0.125. Taa ya nanga ya wati 10 humaliza kiasi hicho hicho kwa dakika tisa. Kuwasha injini, basi, hakuhitaji umeme mwingi. Kunahitaji umeme unaotoka kwa nguvu, kwa muda mfupi, bila volteji kuporomoka njiani.

Na hapo ndipo pa kuanzia uchunguzi, kabla hata ya kufikiria kununua kitu. Mtu mmoja anabonyeza stata, mwingine ameshika multimita. Kwenye vichwa vya betri ilisomeka volti 10.1 stata ikivuta. Kwenye stata yenyewe, kati ya bolti yake ya chanya na bodi yake, volti 9.0. Volti 1.1 ilikuwa inapotea kati ya betri na injini, umbali wa hatua mbili. Kupima upande mmoja mmoja kukaonyesha kwamba njia ya chanya ilipoteza 0.3 tu, na njia ya hasi 0.8. Waya wa hasi ulikuwa umefungwa kwenye injini juu ya rangi na kutu, na kichwa chake cha shaba kimekwisha kuwa kijani. Palikwanguliwa hadi chuma kikang'aa, waya ukabadilishwa kwa ule ambao nyuzi zake za shaba zimepakwa bati, na upotevu wa upande ule ukashuka hadi volti 0.2.

Baada ya hapo injini iliwaka kwa betri ile ile, katika hali ile ile ya chaji iliyokuwa ikiishinda. Kwa mwenye haraka kisa kingeishia hapo, na bili ingekuwa ndogo sana. Lakini betri bado ilikuwa inaamka ikiwa na volti 11.9. Betri ya risasi na tindikali iliyotulia husoma volti 12.7 ikiwa imejaa na 12.2 ikiwa imebaki nusu. Kwa 11.9 imebaki sehemu ndogo tu, na betri inayofikishwa hapo kila safari haizeeki vizuri.

Hesabu ya siku nzima

Mashua ikisafiri mchana na kulala nangani usiku, taa ya nanga ya balbu ya wati 10 huwaka saa 12 na kula ampea-saa 10. Balbu mbili za ndani, wati 10 kila moja, zikiwaka saa nne ni karibu 7. Skrini ya ramani hutumia ampea 0.8, kwa saa nane hiyo ni 6.5. Redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, ikisikiliza tu hutumia ampea 0.4, na ikirusha kwa nguvu kamili ya wati 25 hupanda hadi ampea 5 au 6, lakini kuzungumza ni dakika chache, hivyo kwa siku nzima niliihesabu 4.5. Simu mbili, 3. Pampu ya ngamani, ya kutoa maji yanayokusanyika chini ya mashua, 1. Jumla ampea-saa 32. Usiku wa kusafiri ni mbaya zaidi, maana taa ya rangi tatu ya juu ya mlingoti, balbu ya wati 25, hula 25 peke yake hadi kupambazuke, na jumla inafika 47.

Upande wa pili wa daftari ni kinachoingia. Injini huwashwa kama saa moja kwa siku, nusu ya kutoka na nusu ya kuingia. Altaneta, jenereta ndogo inayozungushwa na injini ili kuchaji betri, imeandikwa ampea 35, ila hizo ni za injini inayozunguka kwa kasi. Ikienda taratibu kati ya mashua nyingine hutoa 12 hadi 15, na kadiri betri inavyokaribia kujaa ndivyo inavyopokea kidogo kidogo. Kipimo cha klampu kwenye waya wa chaji kilitoa jumla ya ampea-saa 12 kwa siku.

Inatoka 32, inaingia 12. Pengo ni 20 kila siku.

Halafu kuna betri yenyewe. Ilikuwa imeandikwa ampea-saa 75. Namba hiyo hupatikana kwa kuikamua betri polepole, kwa saa 20. Ukiikamua kwa kasi zaidi hutoa pungufu, jambo ambalo Mjerumani Wilhelm Peukert aliliwekea kanuni mwaka 1897. Kwa hiyo ilijazwa kabisa, ikaachwa itulie, kisha ikatolewa ampea 4 mfululizo, kasi iliyo karibu na ile ya saa 20, hadi ikafika volti 10.5. Ilidumu saa 14. Yaani ampea-saa 56. Robo yake imekwisha kwenda na umri. Na kwa kuwa betri ya risasi hudumu zaidi isiposhushwa chini ya nusu, kiasi cha kutumia kwa raha ni 28 tu.

Sasa malalamiko yanaeleweka hadi kwenye kalenda yake. Mashua huondoka bandarini betri ikiwa imejazwa kwa umeme wa nchi kavu. Asubuhi ya kwanza imebaki 36 hivi, injini inawaka. Asubuhi ya pili imebaki 16, na njia ya hasi yenye kutu inammalizia mwenye mashua.

Betri mbili sambamba zingefanya nini

Zingemnunulia siku mbili. Betri mpya ya ampea-saa 75 ingeongeza karibu 37 za kutumika, na pengo la 20 kwa siku lingezila kabla ya siku ya pili kwisha. Baada ya hapo angekuwa na betri mbili zilizochoka badala ya moja, na injini ile ile isiyowaka, maana zote mbili zimeshuka pamoja. Kuzijaza tena kungehitaji chaji maradufu kutoka kwa altaneta ile ile inayotoa 12. Betri inayokaa muda mrefu bila kujaa hujengeka fuwele za salfeti ya risasi kwenye sahani zake, fuwele ambazo zikikomaa hazirudi tena kuwa chaji. Mpya ingezeeka kwa mwendo wa ile ya zamani.

Tena kuna ugomvi wa ndani. Betri mbili zilizofungwa sambamba ni betri moja. Seli moja ya ile kuukuu ikiharibika, mpya huimwagia umeme wake usiku kucha bila taa hata moja kuwaka. Betri za umri tofauti hazifai kuachwa zimeunganishwa zikiwa zimelala.

Betri haizalishi umeme. Hili kila mtu analijua akiulizwa, na karibu kila mtu hulisahau akiwa dukani.

Kwa hiyo kabla ya betri, pengo. Balbu ya taa ya nanga iliondolewa ikawekwa ya LED ya wati 1.5, na taa ya usiku mzima ikashuka kutoka ampea-saa 10 hadi 1.5. Taa za ndani za LED, wati 2 kila moja, zikashuka kutoka 7 hadi 1.3. Matumizi ya siku yakawa 18 badala ya 32. Taa za aina mbili tu zimeokoa ampea-saa 14 kwa siku, na hazina uzito wala hazihitaji waya mpya. Kwenye mashua ambayo bado ina balbu za zamani, sioni sababu ya mtu kujadili betri kabla hajamaliza hili. Tahadhari moja tu: taa za safari za LED zichaguliwe zile zilizothibitishwa kwa kazi hiyo pamoja na chombo chake, kwa sababu balbu ya LED ya kubahatisha ndani ya kioo cha rangi inaweza kubadilisha rangi na pembe ya mwanga, na taa ya safari isiyosomeka vizuri ni hatari kuliko betri iliyokufa. Baadhi ya LED duni huvuruga pia redio ya VHF. Ukiwasha taa na mlio wa redio ukabadilika, umeipata.

Kisha paneli ya sola ya wati 50 iliwekwa juu ya kifuniko cha mlango wa chumbani. Kwa saa nne za jua kamili kwa siku ni wati-saa 200. Ukitoa joto, kivuli na hasara za kidhibiti chaji, zinabaki 150, yaani karibu ampea-saa 12. Kivuli ndicho adui mkubwa zaidi: kamba moja nene ikikatiza paneli, hasara huwa kubwa mno ukilinganisha na upana wa kamba. Ndiyo maana paneli iliachwa bila kugongomelewa, iweze kusogezwa.

Inaingia 24, inatoka 18. Sasa betri ya pili ina maana.

Ya zamani apewe nani, mpya apewe nani

Swali lililobaki lilikuwa la mgawanyo. Betri moja iwe ya injini tu, ya pili iwe ya matumizi mengine yote, na usiku ziwe zimetengana, ili hata mtu akisahau taa zote zikiwaka, stata isiguswe. Ukuta kati ya kazi mbili ndio faida halisi ya betri ya pili. Ukubwa wa akiba unafuata nyuma.

Wengi hukimbilia kuipa stata betri mpya, kwa kuwa stata ndiyo jambo la hatari, na kuiachia ya zamani taa. Hapa ilifanywa kinyume. Rudi kwenye hesabu: stata inataka ampea-saa 0.125. Betri iliyopoteza robo ya ujazo wake bado ina mamia ya mara hizo, mradi tu iwe imejaa na uwezo wake wa kutoa mkondo mkubwa usiwe umepotea. Kazi ya taa na redio ndiyo inayohitaji ujazo, na ndiyo inayoishusha betri na kuipandisha kila siku. Betri ya zamani ilijaribiwa kwa kipimo cha kawaida cha mafundi: kukamuliwa nusu ya ampea zake za kuwashia kwa sekunde 15 bila kushuka chini ya volti 9.6. Ilipita. Stata ikivuta, sasa ilisoma 10.6. Ikapewa injini.

Sharti langu lilikuwa kwamba kipimo hicho kirudiwe kila mwanzo wa msimu. Betri ya stata haitoi onyo. Leo inawasha vizuri, kesho kimya. Asiyetaka shughuli hiyo anunue mbili mpya.

Kwa matumizi mengine ikachaguliwa betri ya AGM ya ampea-saa 90, ya sahani nene za kustahimili kushushwa na kupandishwa. Tindikali yake imenyonywa na nyuzi za kioo zilizobanwa kati ya sahani, hivyo mashua ikilala ubavu kwa upepo haimwagiki. Nusu ya 90 ni 45. Siku ya mawingu ambayo injini haikuwashwa kabisa na sola imetoa 4 tu, pengo ni 14, kwa hiyo ana siku tatu mkononi.

Lithiamu ilijadiliwa, na mvuto wake unaeleweka: ampea-saa 100 kwa kilo 12 hivi, wakati ya risasi ya ujazo huo ni kilo 25 hadi 30. Kwenye mashua ya mita 7.9 tofauti hiyo unaisikia kwenye usukani. Ila haiingii kwenye mfumo huu kwa kubadilisha betri tu. Hupokea mkondo mkubwa kiasi kwamba altaneta ndogo inaweza kuungua ikiihudumia moja kwa moja. Kinga yake ya ndani ikiamua kuzima ghafla, altaneta hubaki haina pa kupeleka umeme na diodi zake, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, hupasuka. Na kuna sababu ya tatu, inayohusu kifaa cha kuunganisha, nitaifikia hivi punde. Anayetaka lithiamu aweke chaja ya kati, ile inayovuta umeme kutoka upande wa injini na kuutoa ukiwa umepimwa kwa betri ya pili.

Kuzitenganisha na kuzikutanisha

Betri mbili zinapaswa kutengana zikitumika na kukutana zikichajiwa. Swichi ya zamani ya kuzungusha, yenye alama 1, 2, zote na zima, inaweza kulifanya hilo, lakini inategemea kumbukumbu ya binadamu aliyechoka. Ukiisahau kwenye zote usiku, umerudi ulikotoka. Ukiipitisha kwenye zima injini ikiwa inazunguka, umeiua altaneta. Vitenganishi vya diodi havitegemei kumbukumbu ya mtu, ila hula volti 0.6 au 0.7 ya chaji. Altaneta hii hutoa 14.1, betri ingepata 13.4 na isingejaa kamwe.

Kilichochaguliwa ni relei inayohisi volteji, yaani swichi inayojiwasha na kujizima yenyewe kwa umeme. Injini ikiwashwa na volteji ya betri ya stata ikapanda kufika 13.3 hivi, relei hufunga na kuziunganisha betri mbili. Chaji ikikoma na volteji ikashuka kufika 12.8, relei hufungua. Hakuna anayegusa kitu. Na hapa ndipo sababu ya tatu ya kuikataa lithiamu: betri ya lithiamu na fosfati ya chuma ikiwa imetulia tu husoma 13.2 au 13.3. Relei ingeiona kama betri inayochajiwa, isingefungua, na ukuta wote ungekuwa wa maneno.

Altaneta iliachwa palepale ilipokuwa, kwenye waya wa stata. Kila betri ikapata swichi yake ya kuwasha na kuzima, na ya injini ikaandikwa kwa herufi kubwa kwamba isizimwe injini ikizunguka. Swichi ya tatu, ya dharura, inaziunganisha chanya mbili kwa mkono, ili siku betri ya zamani ikifa, mpya iwashe injini.

Swichi hiyo ya dharura ndiyo inayoamua unene wa waya, na hapo ndipo nilipoona kazi nyingi za watu zikiharibika. Fundi huhesabu waya kwa mkondo wa chaji, ampea 20 au 30, anaweka wa milimita za mraba 10, na kila siku mambo ni shwari. Siku ya dharura waya huo unaombwa kupitisha ampea 150. Betri mbili ziko mita 1.5 mbali, kwenda na kurudi ni mita 3 za shaba. Kwa milimita za mraba 10 volti 0.8 inapotea kwenye kiungo hicho peke yake. Kwa 35, volti 0.23. Iliwekwa 35.

Na isiwe upande wa chanya tu. Tezi na omo, marejeo ngamani: umeme uende mlingotini au uende kwenye stata, sharti urudi kwenye hasi ya betri ulikotoka. Hasi za betri mbili zinapaswa kuunganishwa, tena kwa waya wa unene ule ule wa chanya. Kuna mashua ambazo chanya ni nene kama kidole na hasi ni kiwaya cha taa. Hufanya kazi hadi siku stata inapovuta kupitia kiwaya hicho, nacho hugeuka kuwa jiko.

Kuhusu fyuzi nitasema machache lakini ni ya lazima. Fyuzi hulinda waya, si kifaa, kwa hiyo hukaa karibu na chanzo cha umeme. Kanuni za ABYC, baraza la Marekani la viwango vya boti, zinataka iwe ndani ya inchi 7 za betri, yaani sentimita 18 hivi, na kusogezwa mbali zaidi huruhusiwa pale tu waya unapokuwa ndani ya ala. Waya wa stata umesamehewa. Waya unaounganisha betri mbili una chanzo kila mwisho, hivyo unahitaji fyuzi mbili. Ukiweka moja na waya ukachubuka katikati, upande wa pili utaendelea kuulisha moto. Hapa ziliwekwa mbili za ampea 150, za aina isiyokatika haraka, ili zivumilie sekunde za stata. Njia ya kwenda kwenye paneli ya swichi ilipata ya ampea 50. Pampu ya ngamani ilichukua umeme wake kwenye betri mpya kabla ya swichi, ikiwa na fyuzi yake, ili mashua ikiachwa peke yake na kila kitu kimezimwa, pampu iendelee. Ikitokea uvujaji wa wiki nzima utaimaliza betri mpya, lakini injini bado itawaka.

Kisanduku cha tezini kilikataliwa. AGM ya ukubwa huo ni kilo 27 hivi, na tezini tayari kuna mafuta, nanga ya akiba na mtu anayeshika usukani. Mashua ndogo ikizama tezi huburuta maji nyuma yake na kupoteza mwendo. Betri ilikaa katikati, chini ya ngazi ya kushukia chumbani, juu kidogo ya mkuku, uti wa chini wa mashua, karibu na mwenzake. Ilifungwa kwa mikanda na vizuizi vya mbao. ABYC hao hao wanataka betri isisogee zaidi ya inchi moja ikivutwa kwa nguvu ya ratili 90, karibu kilo 41, kwa dakika nzima. Ukiona kipimo hicho ni kikali, fikiria kilo 27 za risasi zikiruka ndani ya chumba mashua ikipigwa na wimbi la ubavu. Betri ya zamani, ambayo ni ya maji, iliachwa kwenye sanduku lenye tundu la hewa juu, kwa sababu ikichajiwa hutoa haidrojeni, na haidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa inatosha kulipuka kwa cheche moja.

Kitendawili cha skrini

Siku za kwanza kila kitu kilikwenda sawa. Asubuhi betri mpya ilisoma 12.6, ya stata 12.7, na injini iliwaka kwa mguso wa kwanza. Kulikuwa pia na faida ambayo mwenye mashua hakuiomba: zamani skrini ya ramani ilikuwa ikizimika na kuanza upya kila stata ilipopigwa, kwa kuwa volteji iliporomoka kwa wote. Sasa ilibaki inawaka.

Kisha likaja lalamiko. Skrini inazimika tena. Si asubuhi, mchana tu, na si kila mchana.

Dhana ya kwanza ilikuwa kichwa cha waya kilicholegea, na muda fulani ulipotea kwenye kukaza bolti ambazo hazikuwa na kosa. Jibu lilipatikana kwa kuuliza mchana una nini ambacho alfajiri haina. Jua. Paneli ya sola inachaji betri mpya, volteji yake inapita 13.3, na relei hii huhisi pande zote mbili, kwa hiyo inafunga na kuipa chaji betri ya stata pia. Ni jambo jema, ndiyo maana ilichaguliwa. Lakini ukipiga stata wakati huo, betri mbili ni moja, na volteji ikishuka inashuka kwa wote, skrini ikiwemo. Relei ina ucheleweshaji wa sekunde kadhaa kabla ya kufungua, na stata inakuwa imekwisha kazi. Siku za mawingu relei ilikuwa wazi, na skrini haikutikisika.

Relei nyingi za aina hii zina kiwaya chembamba ambacho watu hukikunja na kukiacha ndani ya boksi. Kinaungwa kwenye waya wa kuamsha stata, na kazi yake ni kuifungua relei mara tu ufunguo unapozungushwa. Kiliungwa, na skrini ikatulia. Faida yake haiishii kwenye skrini: bila kiwaya hicho, sehemu ya ampea 150 za stata ilikuwa inapita kwenye mdomo wa relei kila mchana wa jua.

Kitu kingine kilichojitokeza ni relei kufunga na kufungua mfululizo, tak-tak-tak, injini ikizunguka taratibu baada ya usiku wa kusafiri. Betri ya stata imejaa, inapanda 13.3 mara moja, relei inafunga. Betri mpya iliyoshuka inameza kila kitu, volteji inaanguka chini ya 12.8, relei inafungua. Na altaneta ndogo haiwezi kuishikilia. Hili halikuhitaji kifaa. Injini ikiongezwa mzunguko kidogo kwa dakika chache za mwanzo, altaneta hutoa vya kutosha na mchezo unakoma. Taa ya mlingoti ya LED, ambayo hadi hapo ilikuwa haijabadilishwa, ingepunguza tatizo kutoka chanzo chake, na ndiyo iliyofuata kwenye orodha.

Kipimo cha volti chenye swichi ya kuchagua betri kiliwekwa, na mwenye mashua akafundishwa kutokiamini injini ikiwa imetoka kuzimwa, maana volti 13 za wakati huo ni povu la juu juu. Kinasema kweli baada ya saa kadhaa za utulivu. Ningependelea angeongeza mita ya shanti, inayohesabu ampea-saa zinazoingia na kutoka. Kwa mtu anayeishi na pengo dogo kati ya 24 na 18, kuijua namba hiyo kuna faida kuliko ampea-saa 30 zaidi za betri.

Hajainunua bado, na ameanza kuulizia jokofu. Jokofu dogo la volti 12 huvuta ampea 4 hivi, na kwenye joto huzunguka nusu ya muda: ampea-saa 48 kwa siku. Hiyo inayageuza matumizi ya 18 kuwa 66, na inahitaji wati 200 nyingine za sola kwenye mashua ambayo sehemu isiyo na kivuli cha tanga tayari imechukuliwa na paneli ya 50. Kwa sasa anabeba sanduku la barafu.